Usimpigie Goti Mbwa Mdogo

Nimekuwa bwana mifugo miaka thelathini na kitu, Bariadi, Itilima na Maswa, na mbwa wangu mwenyewe ndiye aliyemvunja mke wangu nyonga. Naanza na hilo ili asiyetaka kusikiliza mtu wa namna yangu aondoke mapema. Nyinyi mtakaobaki, hasa mlioajiriwa juzi na mliochukua mbwa mdogo nyumbani kwa mara ya kwanza, kaeni tuzungumze. Sina hekima ya kuwagawia. Nina makosa, na makosa yangu nayajua moja moja.

Watu wanadhani kazi ya bwana mifugo ni ng'ombe tu. Lakini ukifika boma lolote huku kwetu, anayekupokea kwanza si ng'ombe wala mwenye boma, ni mbwa. Mbwa mkubwa hana shida. Anabweka, anakupima, anarudi kulala. Shida ni yule wa miezi mitano, sita, mpaka mwaka na kidogo. Huyo ana mwili wa mtu mzima na akili ya mtoto mchanga. Anakuja mbio, anakurukia kifuani, anatafuna kamba za viatu, anakojoa kwa furaha juu ya begi la chanjo. Suruali zangu nyingi zilichanwa na mbwa walionipenda, si walionichukia.

Na kila boma lina dawa yake. Nimekuta wanaowalisha mbwa wadogo nyigu na pilipili ili wawe wakali, halafu wanashangaa mbona hawatulii. Nimekuta wanaomfunga mbwa kwa waya tangu alfajiri mpaka jua lizame. Mbwa aliyefungwa kutwa hatulii, anajaza tu. Jioni ukimfungua anamwaga vyote kwa mkupuo, na atakayekuwa mbele yake ndiye atakayeloa.

Mimi mwenyewe nilipotoka chuoni nilikuwa nimekariri dawa moja: mbwa akikurukia, inua goti, limpate kifuani, ataacha. Niliifundisha kwa sauti kubwa, cheti kikiwa mfukoni. Mwenye duka mmoja wa Nyalikungu akaifuata kwa uaminifu. Mwezi haukuisha, mbwa wake akawa harukii mtu tena. Alikuwa anajificha chini ya kaunta, na mteja akiinua mguu tu kupanda ngazi ya duka, anang'atwa. Mwenye duka akanijia ofisini.

"Bwana mifugo," akasema, "umenitibu mafua ukanipa kifaduro."

Nilicheka sana. Enzi hizo nilikuwa nacheka kwa urahisi.

Aliyenifundisha kweli hakuwa na cheti. Aliitwa Mzee Madaha, mhudumu wa josho, mtu mfupi wa maneno machache, mikono yake inanuka dawa ya kupe hata siku ya Jumapili. Siku za kuogesha, ng'ombe huja na mbwa wao, na mbwa wadogo hupandwa na wazimu wa furaha kwa lile vumbi na kelele. Mmoja akijipenyeza kwenye njia ya kuingilia josho, ng'ombe wanarudi kinyumenyume, wanakanyagana, ndama anavunjika mguu. Mimi nilikuwa napiga kelele na kurusha mawe, na mbwa wanadhani nami nimekuja kucheza. Mzee Madaha alikuwa anamwendea mbwa, anasimama, anafunga mikono, anatazama mawingu. Mbwa anamrukia mara tano, mara sita, halafu anachoka, anaweka miguu yote minne chini. Hapo hapo mzee anainama, anamkuna chini ya kidevu, anamsemesha taratibu. Akiruka tena, mzee anarudi kwenye mawingu yake.

"Mbwa mdogo anakula macho yako," aliniambia. "Ukimtazama, umemlisha. Ukimfokea, umemlisha na mchuzi juu. Mnyime."

Kijana, chukua hilo uandike ukutani. Siku hizi mna simu, mnatazama video za mbwa wa mbali wanaolala kwenye makochi, mnaniuliza habari za filimbi na mikanda ya shingoni. Sizikatai. Lakini kiini ni kile cha Mzee Madaha. Mbwa akiruka, kuwa mti. Miguu minne ikiwa chini, kuwa baba yake. Ukitaka akae, chukua dagaa mmoja wa Lamadi, mpitishe juu ya pua yake ukielekea kisogoni. Kichwa kikifuata dagaa, makalio yatashuka yenyewe. Yakishuka, mpe. Yasiposhuka, usimsukume, rudia. Asubuhi mtembeze nyuma ya ng'ombe mpaka ulimi utoke nje, kwa sababu mbwa aliyechoka ni mbwa mwenye adabu. Mgeni akija, mfunge kwa kamba ndefu kivulini, na mfupa wake, mpaka salamu ziishe. Halafu, na hapa ndipo wengi huanguka, watu wote wa nyumba washike jambo moja. Akitokea mmoja tu anayecheka mbwa anaporuka, kazi ya wengine tisa imekwenda na maji.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayajua vizuri kuliko mtu yeyote wilaya nzima, na hilo ndilo linaloniamsha kabla ya majogoo.

Kuna jambo moja zaidi, na hilo haliko kwenye vitabu vya chuo kwa sababu walioviandika hawakulelewa Usukumani. Mbwa mdogo akitaka kucheza na mwenzake hushusha kifua chini na kuacha makalio juu. Ndiyo lugha yake ya kusema njoo. Sasa sisi huku, mtoto wa kike akimsalimia mkubwa anapiga magoti. Mama akimkaribisha mgeni anapiga magoti. Uso uliokuwa juu unashuka mpaka usawa wa pua ya mbwa. Mbwa haoni adabu pale. Anaona ameitwa.

Niliyaona haya mara ya kwanza Nkoma, kwa Mzee Jilala, mkulima wa pamba. Alikuwa na mbwa wa miezi saba aliyekuwa anajichimbia kwenye lundo la pamba lililoanikwa, anatoka mweupe kichwa mpaka mkia, huku familia nzima ikimfukuza na kulia pamba yao itashushwa daraja, kutoka safi kwenda fifi. Nilipofika, binti wa miaka minane hivi akaja mbele yangu, akapiga magoti. "Mwadila, baba," akanisalimia salamu ya mchana. Hakumaliza. Yule mbwa alitoka kwenye pamba moja kwa moja mpaka usoni pake, mdomo wa mtoto ukapasuka.

Nikamwambia Mzee Jilala, kwa miezi michache hii watoto wasalimie wakiwa wamesimama, mpaka mbwa afundishwe.

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Kwa hiyo sasa mbwa ndiye atakayewafundisha wanangu adabu?"

Akatafuta njia yake. Kila mgeni alipopiga hodi, mbwa alifunikwa kwa tenga kubwa na juu likawekwa jiwe. Nilirudi baada ya miezi mitatu, nikapiga hodi, nikaona vumbi tu: mbwa alikuwa ameshatoroka, anaelekea porini. Amejifunza kwamba hodi maana yake ni tenga. Nikamwambia, mzee, sasa una mlinzi anayekimbia wageni. Akanijibu bila kupepesa macho, "Mwizi hapigi hodi."

Hadithi hiyo nimeisimulia kwenye semina zaidi ya mara ishirini, na kila mara watu walishika mbavu. Mwishoni niliwaambia: msipige magoti mbele ya mbwa mdogo, na zaidi ya yote, msimpigie goti mkicheza naye. Mtamfundisha kwamba mtu akishuka chini ni ruhusa ya kumrukia. Hayo ni maneno yangu mwenyewe, yametoka katika kinywa hiki.

Halafu nikastaafu.

Hakuna anayekuambia kustaafu kukoje. Wiki ya kwanza unalala. Wiki ya pili unasubiri simu iite. Nilizoea kupita barabarani watu wakiita, bwana mifugo, ndama wangu hali; bwana mifugo, kuku wanakufa. Sasa kuna binti mwenye pikipiki na koti jeupe, hodari kweli, na watu wanamkimbilia yeye, ndivyo inavyotakiwa. Mimi nilikuwa natoka nyumbani asubuhi, nazunguka sokoni Bariadi, narudi mchana bila mtu kuniuliza hata habari ya kupe. Niliona aibu kumwambia mke wangu, Mama Kabula, kwamba nazunguka tu.

Ndipo nikapewa mbwa. Mfugaji mmoja niliyewahi kumwokolea ng'ombe alinipa mtoto wa mbwa wa rangi ya udongo, masikio makubwa. Nikamwita Mkaguzi, kwa sababu hakuna chungu, kiatu wala ndoo aliyoiacha bila kuikagua. Na Mkaguzi alikuwa ananingoja. Nikitokea tu kwenye kona ya njia, anatoka mbio, anapaa, miguu miwili kifuani, ananilamba mpaka masikioni. Nyinyi mna miaka yenu na kazi zenu, hamwezi kujua ilivyokuwa tamu. Hakuna kiumbe mwingine duniani aliyekuwa anafurahi kiasi kile kwa sababu mimi nimefika.

Sikuwa mti. Nilipiga makofi. Kila jioni uani nilikuwa napiga goti moja, napigapiga ardhi kwa kiganja, naita, "Mkaguzi! Njoo!" Naye anakuja kutoka mwisho wa ua kwa nguvu zake zote na kunigonga kifuani, wote wawili tunaanguka, nacheka. Mtaalamu mzima.

Mama Kabula alikuwa anafua mashati yenye alama za miguu ya mbwa na kuniambia, "Baba Kabula, mkanye huyo mbwa. Anakuwa mkubwa. Atakuja kumwangusha mtu."

"Ni mtoto huyo," nilimjibu. "Ataacha mwenyewe."

Aliniambia tena. Aliniambia mara nyingi. Mara ya mwisho alisema, "Wewe ulikuwa unawafundisha watu," akaendelea kuanika. Nilijifanya sijasikia.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Kaka wa mke wangu, Mzee Nkwabi, alikuja kutoka Ipililo. Ndiye mkubwa wao, ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki, na kwa Mama Kabula hakuna mgeni aliyemzidi huyo. Alipiga hodi, mimi nikatoka kumpokea, nikamvutia kiti barazani. Mkaguzi alikuwa nyuma ya nyumba. Kamba ilikuwepo, imening'inia msumarini. Sikuifikiria hata kidogo.

Mke wangu akatoka ndani na jagi la maji. Akaliweka chini, akajifunga kanga vizuri, akapiga magoti pale ukingoni mwa baraza.

"Mwangaluka, kaka," akaanza salamu ya asubuhi.

Mkaguzi alitokea konani akiwa tayari amekunja masikio kwa mwendo. Nilimwona. Nilijua anachokwenda kufanya, maana nilikuwa nimemfundisha jioni ya jana yake na ya juzi yake. Alimgonga ubavuni, mama wa watu akaruka baraza, ngazi mbili za saruji, akaangukia upande. Mlio niliusikia. Nimesikia mifupa ya ng'ombe ikivunjika maisha yangu yote, sikuhitaji kuambiwa.

Hakupiga kelele. Mbwa alikuwa anamlamba uso, mkia unacheza. Mke wangu akamtazama kaka yake kutoka pale chini, akasema, "Samahani, kaka, sijamaliza kukusalimia." Akajaribu kuinuka ili apige magoti tena. Mguu haukumfuata.

Tulipokuwa tunangoja gari, Mzee Nkwabi alisimama akatafuta panga. "Shemeji, huyu mbwa halali hapa leo."

"Mwacheni," akasema Mama Kabula, meno yameumana kwa maumivu. "Mbwa hana kosa."

Hakusema mwenye kosa ni nani. Mpaka leo hajasema. Wanangu, ningempa kila nilicho nacho anitukane hata mara moja.

Aliwekewa chuma kwenye nyonga. Daktari alitueleza kwa upole: asichuchumae, asikae kwenye kigoda, asipige magoti. Nikauliza kwa muda gani. Akasema, mzee, hilo la magoti sahauni.

Mtu wa mbali anaweza kuona ni jambo dogo. Mke wangu amesalimia kwa magoti tangu alipojua kutembea, ndiyo heshima aliyolelewa nayo, naye alijivunia. Sasa anapokea wageni akiwa kwenye kiti cha plastiki. Kabla hajamsalimia mtu, anaanza kumwomba radhi. "Nisamehe, baba, mguu haukunji." "Nisamehe, mayu, siwezi kushuka," akija mama. Hata wake za watu, mabinti wadogo, anawaomba radhi. Anasema hivyo nami nikiwa nimekaa pembeni, nimeshika kikombe, sina pa kuweka macho.

Mzee Nkwabi alikuja tena mara moja. Aliingia kimya, hakupiga hodi, nadhani alitaka amkute ameshakaa. Mama Kabula alipomwona alishika ile fremu yake ya chuma ya kutembelea, akaanza kujishusha, akitetemeka. Kaka yake akamdaka mikono. "Basi, mayu. Basi. Nimeshasalimiwa." Akaondoka hata chai hakunywa. Tangu hapo haji, anapiga simu tu. Aliniambia, "Shemeji, nikija atajaribu tena. Mimi siwezi kuliangalia lile." Kwa hiyo nilimvunja mke wangu mfupa, na juu yake nikamnyang'anya kaka.

Mnaniuliza mbwa alikwenda wapi. Yupo. Ana adabu ya kupigiwa mfano, njooni mmwone. Wiki zile Mama Kabula alipokuwa wodini, Kabula binti yetu akimuuguza kule, mimi nilibaki nyumbani na Mkaguzi peke yetu. Nikamfanyia kazi kama sijawahi kufanya kazi. Asubuhi nyuma ya ng'ombe wa jirani. Mchana dagaa juu ya pua. Jioni nilikuwa napiga goti palepale uani, akija mbio nasimama, nageuka, natazama mawingu. Alichanganyikiwa, maskini. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyebadilishiwa sheria katikati ya mchezo, na kweli nilikuwa nimembadilishia. Lakini aliweka miguu minne chini. Siku moja nilipiga goti, akaja taratibu, akakaa mbele yangu, akangoja. Nililia pale pale vumbini, sijui kama ni furaha au ni nini.

Siku ya kumrudisha Mama Kabula niliamka mapema nikafagia ua. Gari liliposimama nilimwambia Mkaguzi kaa, akakaa kando ya ngazi. Mke wangu akashushwa, Kabula amemshika mkono huu, mkono mwingine fremu. Mbwa alikuwa anatetemeka mwili mzima kwa furaha, mkia unafagia vumbi, lakini makalio hayakuinuka. Mimi nilisimama nyuma yake. Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja nisifiwe.

Mama Kabula alisimama, akamtazama mbwa kwa muda mrefu.

"Umemfundisha lini?"

"Ulipokuwa umelazwa."

"Imechukua siku ngapi?"

Nilitaka kudanganya. Niliona swali linakokwenda nikatamani kusema miezi, nikatamani kusema ilikuwa kazi kubwa.

"Ishirini na moja," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari ya msiba wa mbali.

"Kumbe ni siku ishirini na moja tu," akasema, akamwomba Kabula amshike vizuri wapande ngazi.